Vijiko Viwili

Nazario wa Nyarusange nilimfundisha mimi kusaga dawa. Nalitaja mapema ili mtu asije akasema nilificha. Unachukua vijiko viwili, kimoja unakilaza ndani ya tumbo la kingine, kidonge kinakaa katikati, unabana na kuzungusha mpaka ile sauti ya changarawe iishe. Ukiona unga umekuwa laini kama wa sembe, ndipo unatia maji. Wengine walikuwa wanatwanga kwa jiwe, wanabakiza vipande vikubwa kama punje za mchele, halafu wanashangaa mpira wa puani umeziba. Niliwacheka, kisha nikawafundisha.

Ilikuwa hospitalini, Gitega. Mume wangu Gervasi alianguka Itaba, kwa mdogo wake Emmanuel, alikokwenda kusaidia kuezeka nyumba. Sisi ni watu wa Muyinga, tulirudi kutoka Tanzania mwaka ule kambi ya wakimbizi ilipofungwa, tuna shamba la mihogo na migomba. Kiharusi kilimpata akiwa ameshika bati. Mkono na mguu wa kulia vikafa, sauti ikaenda, na koo likasahau kumeza. Ukimpa maji kijiko kimoja tu yanashukia kwenye mapafu. Basi wakampitishia mpira puani hadi tumboni, wakaubandika plasta shavuni, na tangu siku hiyo uji, maziwa na dawa vyote vilipita humo.

Kwetu nesi ana wagonjwa arobaini, hawezi kukaa na wako. Kila mgonjwa ana murwaza wake, mtu wa nyumbani anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayepika nyuma ya wodi, anayefua na kumgeuza. Nesi anakuonyesha mara moja, kisha kazi ni yako. Mimi alinionyesha Monique, Mkongo wa Bukavu, mwanamke wa miwani asiye na mchezo. Maji kwanza kwa sirinji, akasema, kisha dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili, maji. Dawa peke yake, uji peke yake, na kati yake muda upite.

Mimi niliona anataka kumshindisha mume wangu njaa. Tangu kambini nilijua dawa haimezwi na tumbo tupu, na Gervasi alikuwa amekonda mpaka pete ilimtoka kidoleni. Siku ya tatu nikasaga vidonge vyote vinne pamoja, nikavikoroga kwenye uji mzito wa soya, nikasukuma. Mpira ukaziba palepale. Nikasukuma tena kwa nguvu, sirinji ikaruka, uji ukampata usoni.

Monique alinisema mbele ya wodi nzima. Aliuchomoa ule mpira na kupitisha mwingine, na ulipopita kooni Gervasi alitoa chozi kwenye jicho la kushoto, lile la upande uliokuwa hai. Mdomo wangu hauna breki. Nilimjibu Monique kwamba kama anajua sana, alale yeye kwenye mkeka. Akanawa mikono, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikaapa sitakosea tena. Na kweli sikukosea. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nasaga vizuri kuliko manesi wenyewe, na abarwaza wenzangu wakawa wananiita Daktari. Kule nyuma ya wodi tunakopikia wakanikalia duara, mimi na vijiko vyangu. Nazario alikuwa mmoja wao, mzee mpole anayemuuguza mke wake, Elyse, wa wodi ya wanawake, naye ana kiharusi na mpira kama Gervasi, na dawa ya presha ni ileile. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akawa anaogopa vidonge vigumu. Nikamwambia usiogope kitu, mzee wangu, kidonge ni kidonge, hata kiwe kigumu namna gani, wewe kisage tu mpaka kitii. Alirudia maneno yangu kama mtoto wa katekisimu.

Siku ya kuruhusiwa Monique aliandika namba yake kwenye kadi ya Gervasi. Akasema turudi baada ya wiki nne kubadilisha mpira. Kisha akasema jambo moja ambalo alilisema taratibu, ananitazama usoni.

"Jeska, dawa mpya ikikuja, we piga simu kwanza. Hata iko na jina moja na ya zamani. Uliza kwanza."

Nikasema sawa. Namba nikaiingiza kwenye simu kwa jina la Nesi Mkali.

Muyinga tulikaa vizuri, sitaki kusema uongo. Mama mkwe wangu, Anisia, alihamia kwetu. Macho yake hayaoni vizuri lakini mkono wake umetulia, basi kila asubuhi na kila jioni mimi nilisaga na yeye alishika kikombe cha maji. Gervasi alijifunza kuinua kidole gumba cha kushoto maji yakifika tumboni. Alisema yanakuwa baridi, yaani hakusema, alionyesha. Wiki ya tatu alicheka kitu kwenye redio. Nilijua kazi yangu ni moja tu, kumfikisha Gitega kubadilisha mpira akiwa hai, na nilijua naiweza.

Dawa ya presha ikaisha Jumatatu. Nikashuka mjini kwenye duka la dawa la Cubaka, kijana wa Kivu Kusini. Akatazama karatasi, akasema ile ya kawaida imekosekana kila mahali, kuna hii yenye herufi mbili mwishoni mwa jina, LP, dawa ni ileile, asubuhi na jioni. Akaanza kunieleza inavyomezwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale tangu saa tatu, nimemwacha mgonjwa na mwanamke asiyeona. Nikamkata.

"Mume wangu hamezi. Ana mpira. Kazi yangu naijua."

Cubaka akanifungia dawa. Si kosa lake hata kidogo, na nisisikie mtu akimtaja.

Jumanne asubuhi nilikitoa. Kilikuwa kidogo, chekundu, kimevikwa ganda linaloteleza. Kilitoka kwenye kijiko mara mbili, nikakifuata chini ya kitanda, nikakipangusa. Kikakataa kuvunjika. Nikakibana kwa hasira mpaka vidole vikauma, na lile ganda jekundu nalo nikalisaga mpaka likaisha. Nilijisifu moyoni. Maji, dawa, maji. Mama akashika kikombe. Gervasi akainua kidole gumba.

Saa nne alikuwa amelowa jasho na mwili wa baridi. Saa tano macho yalikuwa yanaenda juu. Majirani walimleta muuguzi wa kituo cha afya kwa pikipiki, akafunga kile kitambaa chake mkononi, akapima, akapima tena, akasema presha imeshuka haionekani. Saa sita na nusu Gervasi alikuwa amekufa. Watu wakasema Mungu amempumzisha, ameteseka vya kutosha.

Tukamzika Jumatano. Mimi sikulia. Walinikalisha kwenye godoro chumbani, wanawake wakajaa, wakawa wananitazama kama watu wanaongoja mvua. Nilitaka kuwapa hicho wanachongoja lakini hakikuwepo. Ukiniuliza nilihisi nini nitakwambia sikuhisi kitu, nilikuwa naona tu: plasta imebaki ukutani nilipoibandika, sirinji imeoshwa, vijiko viwili kwenye sahani. Wakanisifu. Mwanamke huyu amemuuguza mume, wakasema, angekuwa mwingine angekimbia. Nikasikiliza kama wanamsifu mtu wa kilima kingine.

Kwetu kipindi hicho tunakiita ikiriyo. Mjane hatoki nje ya uwanja, hashiki jembe, hapiki, mpaka siku ya kuganduka, watu waoge, wanywe pombe kidogo, matanga yafunguliwe. Emmanuel, ambaye sasa ndiye mwenye neno nyumbani, alisema tutaganduka Jumapili.

Alhamisi mchana simu ikalia. Nesi Mkali. Ilikuwa ndiyo siku ya kubadilisha mpira, na sisi hatukutokea, akapiga kuuliza kulikoni. Nikamwambia Gervasi amefariki. Akanipa pole, pole nyingi za kweli. Kisha akauliza ilikuwaje, nikamweleza kwa mpangilio kama ninavyoeleza hapa, dawa kuisha, duka, LP, ganda jekundu.

"Uliisaga?" akauliza.

"Niliisaga."

Upande wa pili nikasikia mtoto analia wodini. Kisha Monique akaniambia polepole kwamba ile dawa imetengenezwa itoke kidogo kidogo siku nzima. Ganda ndilo linaizuia. Ukiisaga, ya siku nzima inaingia mwilini mara moja, presha inaporomoka. Ndiyo maana wenye mpira hawapewi hiyo, wanabadilishiwa nyingine. Akasema si kosa langu, yeye ndiye angetakiwa kunitajia ile LP kwa jina. Nikamwambia aache. Aliniambia nipige simu na namba nilikuwa nayo. Hilo halina mjadala.

Nikabaki nimeshika simu sikioni. Sikuwaza Gervasi, nisamehe. Niliwaza Nazario. Yeye na Elyse waliruhusiwa siku mbili baada yetu, wakapewa vidonge idadi ileile. Kwa hiyo vyake viliisha jana. Ya kawaida imekosekana kila mahali. Na Nazario anasaga kila kitu, hata kiwe kigumu namna gani, kwa sababu Daktari alimwambia.

Nikamweleza Monique. Akaenda kutazama daftari la wodi, akarudi, akasema namba iliyoandikwa ni ya mpwa wa Nazario aliyeko Bujumbura, na inapigwa haipatikani. Nazario mwenyewe hana simu. Alisema atajaribu kituo cha afya cha huko, lakini yuko zamu mpaka Jumamosi na hajui nyumba iko wapi. Mimi nilikuwa najua. Nazario alinichorea mara kumi kule nyuma ya wodi, kanisa, shina la mkaratusi lililokatwa, nyumba ya tatu ukishuka, mlango wa bluu. Alikuwa ananikaribisha siku wagonjwa wakipona.

Jioni Monique akapiga tena. Kituo hakikushika simu.

Hapo nikaogopa, na woga ulikuwa kitu cha kwanza kuingia mwilini mwangu tangu Jumanne. Nikainuka kwenye godoro nikamwambia Emmanuel naomba kesho alfajiri niende Gitega. Alinitazama kama nimevua nguo. Mjane wa siku tatu anakwenda Gitega kufanya nini? Watu watasema nini? Akasema kama ni karatasi za hospitali atakwenda yeye wiki ijayo. Na hapo uongo ukaniletea kiti chake nikae. Ningesema ndiyo, ni karatasi, wanazihitaji kesho lazima. Angenung'unika lakini angeniacha. Nilikuwa nao mdomoni kabisa.

Mama Anisia alikuwa ameketi mlangoni, kichwa amekiinamisha, nikadhani amesinzia. Akauliza, "Mama Upendo, unakwenda kwa nani?" Upendo ni binti yetu mkubwa, ameolewa Tanzania, hakuwahi mazishi.

Sijui kwa nini uongo ulikataa kutoka. Pengine kwa sababu ya kile kikombe. Yeye alisimama pale kila asubuhi na kila jioni, amekishika kwa mikono miwili.

"Mama," nikasema, "ile dawa ya Jumanne haikuwa ya kusagwa. Mimi niliisaga. Ndiyo iliyomuua. Na kuna mtu Nyarusange nilimfundisha asage hivyo hivyo, mke wake bado yuko hai."

Emmanuel akasimama, akakaa, akasimama tena. Nilingoja anipige, na ukweli ni kwamba ningeona ni sawa. Mama Anisia hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Alipoongea aliongea na Emmanuel, si mimi.

"Kikombe nilishika mimi," akasema. "Mtafutie pikipiki."

Mafuta ni shida nchi nzima, pikipiki ilipatikana saa mbili asubuhi, gari la Gitega likaondoka saa tano baada ya dereva kuzunguka na madumu yake. Sikula. Nilimkuta Monique wodini dakika mbili, akanipa bahasha ndogo, ndani vidonge vyeupe vya kumbadilishia Elyse, vimeandikwa na daktari na kupigwa muhuri. Akanishika mkono. Nikaona afadhali angenifokea.

Nyarusange nilifika jua limeanza kulala. Kanisa, shina la mkaratusi, nyumba ya tatu. Kabla sijauona mlango wa bluu niliisikia ile sauti ya changarawe, krr, krr, kwa utaratibu, jinsi nilivyomfundisha, bila haraka.

Nazario alikuwa ameketi uwanjani kwenye kigoda, vijiko mkononi. Kando yake Elyse ameegemezwa ukutani kwenye mkeka, mpira umetoka puani na kubandikwa shavuni. Kichwa kilikuwa kimelala begani. Nilitazama kifua, kikapanda, kikashuka. Nazario aliponiona akainuka kwa furaha mpaka kigoda kikaanguka.

"Daktari! Si nilisema utakuja?"

Nikamwambia aweke vijiko chini. Nadhani nilisema kwa ukali maana alitii mara moja. Nikachungulia ndani ya kijiko. Nusu ilikuwa unga, nusu ganda jekundu. Nikamuuliza amempa vingapi. Akasema kimoja jana asubuhi, kimoja jana jioni, kimoja leo. Vigumu hivyo, lakini nimevisaga vyote, Daktari, hata ganda sikubakiza. Akaongeza kwamba mke wake amekuwa akizimia kidogo kila baada ya dawa, anatoka jasho, wakadhani ni njaa, wakamwongezea uji. Leo asubuhi alizimia muda mrefu, majirani wakaja kusali.

Nikamwaga ule unga kwenye majivu ya jiko. Nikamweleza alichonieleza Monique, kwa maneno yale yale, ganda, kidogo kidogo, siku nzima, mara moja. Nikampa bahasha. Nazario alisikiliza akitikisa kichwa, midomo inarudia kama katekisimu. Alipomaliza kuelewa alikwenda akampapasa Elyse paji la uso, akamwekea shuka vizuri. Akarudi akaniokotea kigoda nikae.

"Mungu akubariki," akasema. "Sasa mzee Gervasi anaendeleaje? Anacheka bado?"

Nilikuwa nimelisema mara moja mbele ya mama yake mzazi, nikadhani la pili litakuwa jepesi.

"Tumemzika Jumatano," nikasema. "Nilimsagia hiki hiki."

Nazario alinitazama mimi, akatazama yale majivu, kisha akamtazama mke wake anayepumua. Elyse alikuwa amefumbua macho, na alikuwa amesikia, wenye mpira husikia kila kitu. Kisha yule mzee akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wa dawa zote za Elyse, akaumwaga mkekani mbele ya miguu yangu. Akaweka vijiko viwili juu yake.

"Basi nifundishe upya," akasema. "Kipi kinasagwa, kipi hakisagwi?"

Vilikuwepo vya aina nne. Viwili nilivijua. Kimoja kilikuwa na ganda la njano sikuwahi kukiona. Kingine kilikuwa cha unga ndani ya mfuko wake mdogo, unaweza kukifungua kwa vidole, rahisi, mtu yeyote angesema hiki hakina neno. Nilivigeuza vyote mara mbili. Nazario alikuwa ananisubiri, na Elyse naye.

"Sijui," nikasema.

Sikumbuki kama niliwahi kulisema neno hilo maishani. Nikatoa simu, nikatafuta Nesi Mkali, nikapiga. Aliposhika nilisikia yule mtoto bado analia wodini.

"Ni Jeska," nikasema. "Niko kwa Nazario, mke wake yuko hai. Kuna dawa hapa nisizozijua. Nauliza kwanza."